Kura Iliyobaki Katika Kopo la Tumbaku

Deal, Kent
9 Januari 1968

Bwana Copping,

Hunijui, nami sikujui, basi tusichoshane kwa salamu ndefu. Anwani yako nimepewa na kasisi wetu. Anasema wewe ni karani mstaafu wa jeshi la majini, unakaa huko Gosport, na unaandika kitabu cha nishani zote walizopewa mabaharia na askari wa majini katika ule uvamizi wa gati la Westerduin, Aprili 1918. Vizuri. Kaa sawasawa, maana kuna mtu mmoja utamsahau nisipokuandikia.

Baba yangu ni Ebenezer Erridge, askari wa majini, kikosi cha hapahapa Deal. Yu hai, ana miaka sabini na mitano. Usiku ule alipanda gatini kwa ngazi, Wajerumani wanamimina risasi, na akambeba mgongoni mwenzake, Cyril Pettman, mpaka melini. Ndiyo maana anachechemea. Huyo Pettman hakuwa mwepesi. Kila mtu mtaani kwetu anaijua habari hiyo, na asiyeijua nimemwambia mimi.

Waliporudi palipigwa kura. Msalaba wa ushujaa ulikuwa mmoja kwa kikosi kizima, wakubwa wakasema askari wachague wenyewe. Baba alikuwamo kwenye kura. Siongei kwa domo tupu. Karatasi yake ya utumishi ninayo, na kwa wino mwekundu imeandikwa: "Alishiriki kura ya Msalaba, Westerduin." Marehemu mama aliitia kwenye fremu. Mimi na ndugu zangu tumelelewa chini ya fremu hiyo, na wanangu, na sasa wajukuu saba.

Tarehe 21 Aprili watatundika kanisani ubao wa mashujaa wa Westerduin, kwa kutimia miaka hamsini. Kasisi anasema jina la Baba halipandi ubaoni bila andiko la mtu anayejua mambo hayo. Mtu huyo ni wewe. Tangu Oktoba Baba ana kiharusi. Hasemi, na mkono wa kulia umekufa. Daktari anasema hatafika kiangazi. Nataka nimsukume kwa kiti chake cha magurudumu mpaka chini ya ubao, aone jina lake, halafu Mungu afanye apendavyo. Unaona basi kwamba hatuna mwaka mzima.

Shule niliiacha mapema nikaenda kufua nguo za maofisa. Ukiona herufi zimepinda, zisome hivyohivyo zilivyopinda.

Ivy Redsull, binti Erridge


Gosport
16 Januari 1968

Mheshimiwa Mama Redsull,

Nimepokea barua yako na ninakushukuru. Herufi zako nimezisoma bila taabu.

Jina la baba yako ninalo. Ninalo pia daftari la Sajini Tolhurst, ambaye ndiye aliyesimamia kura na kuzihesabu; mjane wake alinikabidhi mwaka juzi. Kabla sijasema lolote ningependa kulipitia tena kwa makini, kwa kuwa jambo la namna hii likishaandikwa ni vigumu kulifuta.

Je, baba yako alihifadhi chochote cha siku zile? Barua, picha, kijikaratasi? Na je, huyo Bwana Pettman yu hai bado?

Wako mtiifu,
L. Copping


Deal
12 Februari 1968

Bwana Copping,

Wiki nne! Hilo daftari unalipitia au unalilalia? Mimi hapa nimekaa roho juu, kila postamani akipita nainuka, na magoti yangu si ya kuchezewa.

Huyo Pettman unayemuulizia yu hai, tena kupita kiasi. Kila Alhamisi saa nne asubuhi anabisha hodi, kashika chombo cha sabuni na wembe wa kukunja, anakuja kumnyoa Baba. Alikuwa kinyozi wa kambini, na Baba hajawahi kunyolewa na mwingine tangu walipovua sare. Baba humfumbia macho. Akiona wembe tu, anafumba, na hafumbui mpaka taulo ipite. Ndivyo alivyo miaka yote, hata kabla ya kuugua. Kisha Pettman anaketi na kunywa chai yangu vikombe vitatu. Nimemwambia zaidi ya mara moja, "Wewe kunywa chai tu, Bwana Pettman. Waliokuwamo kwenye kura ni wengine." Yeye hucheka kama mbuzi. "Kweli, Ivy, kweli tupu. Sukari umeificha wapi leo?" Mtu hana hata haya.

Sasa shika kiti. Tangu augue, kopo la tumbaku la Baba halitoki chini ya mto. Analigonga kwa vidole vya mkono wa kushoto, huku ananitazama. Nilidhani anataka kiko. Nikampa kiko, akakitupa, kikavunja kikombe. Jumamosi nikalifungua mwenyewe. Chini ya tumbaku, ndani ya kipande cha kitambaa cha nta, mna kikaratasi, ukubwa wake kama tiketi ya treni. Kina muhuri wa kikosi. Na kwa penseli kimeandikwa: E. ERRIDGE.

Kura, Bwana Copping! Kura aliyopigiwa baba yangu, kwa mkono wa askari mwenziwe! Nilimbusu usoni. Akaanza kulia, machozi yanaingia masikioni, na mimi nikalia naye. Umri huu wote sijawahi kumwona akilia kwa furaha.

Andiko lako kwa kasisi nalitarajia wiki hii.

Ivy Redsull


Gosport
19 Februari 1968

Mheshimiwa Mama Redsull,

Nilipaswa kukuandikia haya tangu Januari. Niliyajua siku nilipofungua barua yako ya kwanza, nikakosa moyo. Nisamehe.

Ile mistari ya wino mwekundu imeandikwa kwenye karatasi ya kila askari aliyesimama uwanjani siku ya kura. Nimeziona kwa macho yangu, za waliopewa kura na za wasiopewa. Maana yake ni kwamba mtu huyo alikuwa na haki ya kuchagua. Haisemi kwamba alichaguliwa. Wewe si wa kwanza kuielewa ulivyoielewa. Nyumba nyingi zina fremu kama yenu, na sijui niziandikie vipi.

La pili. Sajini Tolhurst ameandika hivi: "Pettman alirudi gatini mara mbili chini ya risasi. Mara ya pili alimleta Erridge mgongoni, mguu umepondwa na ngazi." Nimelisoma tena na tena nikitumaini majina yamegeuzwa. Hayakugeuzwa.

La tatu ndilo linalonisumbua. Karatasi zilizotumbukizwa kwenye kofia zilihesabiwa, kisha zikachomwa mbele ya kikosi siku ileile. Hakuna iliyobaki. Tolhurst anaandika: "Waliosimama 91. Karatasi 90. Mmoja hakutumbukiza yake. Nimeuliza, kimya." Kwa hiyo hiyo uliyoikuta, Mama, ni ile ya tisini na moja.

Koplo Haskell alipata kura 31, akapewa Msalaba. Pettman alipata 30. Baba yako alipata moja. Zilizosalia zilitawanyika. Lililosomwa kwa sauti ni jina la mshindi tu. Hesabu ilibaki daftarini. Sidhani Bwana Pettman anaijua.

Andiko kwa kasisi siwezi kuliandika.

Wako,
Leonard Copping


Deal
21 Februari 1968

Bwana Copping,

Umemaliza? Mzee wa watu amelala hajiwezi, hana hata ulimi wa kujitetea, na wewe huko Gosport umeketi na daftari la marehemu unamvua nguo. Unataka kusema baba yangu alijiandikia jina lake mwenyewe halafu akaona aibu? Au unataka kusema aliiba? Sema waziwazi, usinizungukezunguke.

Fremu nimeishusha kuifuta vumbi. Sijairudisha. Hilo lisikufurahishe.

Usiniandikie tena.

I. Redsull


Deal
8 Machi 1968

Bwana Copping,

Nilikwambia usiniandikie, ukatii. Wanaume mna tabia ya kutii siku isiyotakiwa.

Jana ilikuwa Alhamisi. Nilingoja Pettman ampake Baba sabuni, nikaweka kile kikaratasi mezani kando ya chombo chake. Nikamwambia, "Bwana Pettman, huu mwandiko wa nani?"

Akavaa miwani. Akakiinua mpaka dirishani. "Wa kwangu," akasema. Kisha akageuka, na sauti ikawa ndogo. "Eben! Hiki ulikitunza?"

Baba alikuwa amefumba macho, povu kidevuni.

"Wa kwako kwa nini?" nikauliza. "Kura ya Baba uiandike wewe kwa nini?"

"Kwa sababu yeye hakujua kuandika, Ivy."

"Koma! Baba yangu anasoma gazeti tangu nipate akili."

"Tangu upate akili, ndiyo. Nani alikuwa anakaa nawe jikoni na kile kitabu chako cha shule, kidole kinafuata mstari?"

"Alikuwa ananifundisha."

"Mlikuwa mnafundishana, mama."

Bwana Copping, nilikaa chini. Nilikumbuka kile kidole. Nilikumbuka kwamba kila mara ni mimi niliyesoma kwanza, yeye akarudia, akasema, "Vizuri sana, mwanangu." Na siku niliyoacha shule alikasirika akavunja kiti, nami sikuelewa hasira ile ilitoka wapi.

Pettman akaendelea huku anakoroga sabuni isiyohitaji kukorogwa. "Mwaka ule alijua neno moja tu, jina lake, kwa ajili ya kutia sahihi. Uwanjani tulisimama bega kwa bega. Akanisogezea karatasi yake, akaninong'oneza kwa pembe ya mdomo, 'Andika, Cyril. Unajua nani.' Nikajua ananisema mimi. Sasa, Ivy, mimi nijiandike mwenyewe? Ni marufuku, na hata isingekuwa marufuku, uso ningeuweka wapi? Yangu nilikuwa nimeshamwandikia yeye. Basi na yake nikamwandikia yeye. Nikaikunja nikamrudishia. Nikadhani hatafungua."

Alifungua. Na neno pekee alilolijua duniani ndilo lililokuwamo.

Unaona sasa? Kura ya jina lako mwenyewe huwezi kuitumbukiza. Kuomba karatasi nyingine ni kumwambia sajini, mbele ya wanaume tisini, kwamba hujui kuandika. Baba yangu alikuwa na kiburi. Najua kiburi hicho, nimekirithi chote, hakuacha hata punje kwa ndugu zangu. Sajini alipouliza ni nani, alinyamaza, kikaratasi kimo mfukoni.

Pettman anacheka. "Si kitu, Eben! Mimi kura zangu hazikufika hata tano. Haskell alitufagia wote."

Barua yako, ile yenye thelathini, ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Sikuitoa, Bwana Copping. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya mtu yeyote, tena mbele ya Pettman!

Baba alifumbua macho. Kwa mkono ule mzima akamshika Pettman kiganja chenye wembe. "Tulia, bwana, nitakukata," Pettman akamwambia. Hakumwachia. Na aliyekuwa akimtazama si Pettman, alinitazama mimi. Alikuwa ananiomba niseme, au ananiomba nisiseme? Pettman alipoondoka niliinama sikioni pake nikamwambia, "Baba, ukitaka nimwambie, fumba jicho moja."

Akafumba yote mawili. Akalala.

Alijua hesabu ile? Labda sajini alimwambia siku moja, wamelewa. Kama hakujua, mbona alikitunza kile kikaratasi miaka hamsini?

Ivy Redsull


Gosport
14 Machi 1968

Mama Redsull mpendwa,

Nimelitafutia swali lako la mwisho jibu daftarini. Daftari halisemi, na Tolhurst ni marehemu.

Lakini jambo moja lazima ulijue, usije ukambebesha baba yako mzigo usio wake. Kama karatasi ile ingekuwa na jina la Pettman na ingetumbukizwa, wangelingana, thelathini na moja kwa thelathini na moja. Kanuni inataka kura irudiwe. Nani angeshinda ya pili, hakuna ajuaye. Pengine Haskell vilevile. Nimekuwa nikilifikiria hilo kila siku, na halinipunguzii kitu. Sijui kama litakupunguzia wewe.

Kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa mwisho wa Aprili. Hesabu ya kura ni lazima iwemo, kwa kuwa bila hiyo kitabu changu ni uongo. Hiyo kura ya tisini na moja naweza kuiacha bila jina la mwenyewe. Niambie upendavyo.

Leonard Copping


Deal
2 Aprili 1968

Bwana Copping,

Baba amefariki Jumapili ya tarehe 24 Machi, asubuhi, kengele ya kanisa inalia. Nilikuwa jikoni. Nilirudi na uji, nikamkuta amekwisha kwenda.

Pettman alikuja kumnyoa mara ya mwisho. Nikamwambia, "Leo hutamkata." Akasema, "Sijawahi kumkata, Ivy. Hata mara moja. Waulize watu." Alimnyoa taratibu, akazungumza naye habari za kambini, ni nani alikuwa na miguu inayonuka na ni nani aliiba bata wa meja. Nilisimama mlangoni na taulo.

Sikumwambia.

Kasisi alikuja kutoa pole. Akasema, kwa kuwa marehemu alikuwamo kwenye kura, yuko tayari kufumba jicho na kuliweka jina lake ubaoni. Miezi mitatu iliyopita ningemwangukia miguuni. Nikamwambia kila askari alikuwamo kwenye kura, asinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia amweke Pettman. Akasema ubao ni wa waliopewa nishani. Nikamwambia Pettman alikosa kwa kura moja, na kura hiyo ninayo jikoni kwangu. Akaniambia, "Mama Redsull, una huzuni, pumzika."

Basi nakuletea kile kikaratasi, kimo humu. Jina lililoandikwa silo, lakini kura ni ya Pettman. Aliyeitoa alimtaja kwa mdomo, na aliyeandika amekiri mbele yangu na mbele ya Baba. Mashahidi wawili, mmoja kafa. Wewe unayo hesabu ya zile nyingine daftarini. Iweke pamoja nazo uihesabu.

Ivy Redsull


Gosport
8 Aprili 1968

Mama Ivy mpendwa,

Pole sana. Ningependa ningemjua.

Nimeiweka ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa kura. Inakaa pale kana kwamba palikatwa kwa ajili yake. Niliitazama jioni nzima. Mimi nimekuwa karani miaka arobaini, kazi yangu yote ilikuwa kuingiza vitu mahali pake, na hiki siwezi kukiingiza. Haskell ni thelathini na moja. Pettman ni thelathini. Sina mamlaka, na hakuna mwenye mamlaka. Nilimwandikia mkubwa mmoja mwenye sauti katika mambo ya nishani. Alinijibu kwa mistari miwili, kwa adabu.

Siwezi kuihesabu, Mama. Nisamehe.

Leonard


Deal
26 Aprili 1968

Bwana Copping,

Nilijua huwezi. Nilitaka tu mtu mmoja aniambie kwa maandishi, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijiamini.

Ubao umetundikwa Jumapili. Ni mzuri, mbao ngumu, herufi za dhahabu. Haskell yumo. Baba hayumo. Pettman hayumo. Pettman alikaa benchi la nyuma, akaimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya, tena bila kufuata tuni.

Jana ilikuwa Alhamisi. Saa nne nikasikia hodi. Maskini wa Mungu amekuja na chombo cha sabuni na wembe, kwa mazoea. Amesimama kizingitini anavitazama kama havijui. "Sijui nimevibeba kwa nini," akasema. Nikamwambia, "Ingia. Kaa."

Nikampa chai. Nikamwekea bakuli la sukari mbele yake, limejaa, halijafichwa. Alipoona sukari akajua kuna jambo. "Ivy, nani tena kafa?"

Nikasema yote, Bwana Copping. Sikuyapamba. Kwamba alipata thelathini. Kwamba ilipungua moja. Kwamba iliyopungua ni ile iliyokuwa chini ya mto wa Baba. Nikamwomba msamaha kwa niaba ya Baba, na kwa niaba yangu pia, kwa yale maneno yote ya "waliokuwamo kwenye kura ni wengine", na kwa kueneza mtaani kwamba Baba ndiye aliyembeba. Sijawahi kumwomba mtu msamaha tangu nizaliwe, na sikujua mikono naiweka wapi. Nilimaliza, nikangoja alie, au anitukane, au apige meza. Nilitaka apige meza.

Hakuuliza chochote kuhusu Msalaba. Hakuuliza hata ni akina nani waliompa zile thelathini. Alichota sukari kwa kijiko, akairudisha bakulini. Kisha akasema, "Kila Alhamisi alikuwa akinifumbia macho."

Nikasema, "Ndiyo."

"Miaka hamsini. Mimi nilidhani ni sabuni." Akaufungua wembe, akautazama, akaufunga. "Ivy, mwanangu. Alikuwa akiniogopa?"

Wewe unayejua kuandika, Bwana Copping, ungemjibu nini? Baba ndiye pekee aliyejua, na hata alipokuwa hapa hakuwa na ulimi. Nilimwambia, "Sijui." Akaitikia kwa kichwa. Akainuka. Chai hakuinywa.

Katika kitabu chako andika jina la Baba palepale kwenye kura iliyopungua. Usimfiche. Na Pettman mwandike thelathini, kwa tarakimu na kwa maneno, asije mtu akadhani ni kosa la mpiga chapa.

Chombo cha sabuni amekisahau hapa. Nimekiosha, nimekiweka dirishani mahali atakapokiona akipita. Leo amepita mara mbili upande ule mwingine wa barabara. Hakugeuza shingo.

Ivy Redsull